Mtembelee Mkorofi Siku Ambayo Hajakosa

Katika usharika wetu wa Kilutheri, huku kwenye migomba ya Kilimanjaro, kila mzee wa kanisa ana mtaa wake wa kuangalia, na hakuna mtaa usio na mkorofi. Wa kwangu ni baba mmoja anayesimama kila taarifa ya fedha inaposomwa. Anataka kujua mkungu wa ndizi ulionadiwa baada ya ibada ulinunuliwa na nani, na kwa nini kwa bei ya kutupa. Kwenye jumuiya hupinga saa ya kukutana, hupinga wimbo, hupinga hata nyumba tutakayosali wiki ijayo.

Mathayo 18 inatupa utaratibu: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia, mwongeze mtu mmoja au wawili, likishindikana, ndipo kanisa liambiwe. Sisi wazee mara nyingi huupanda mlima huo kutoka kileleni. Shauri huanzia kikaoni, hupitia kwa wanakwaya, na mhusika hulisikia sokoni.

Ila utaratibu huo ni wa siku ya kosa. Wazee wakiingia uani kwa mtu pale tu anapokuwa na kesi, mtu huyo hujifunza kwamba ugomvi ndio unaomletea wageni. Ndiyo maana mimi huenda wakati wa kuchuma kahawa, au mtoto wa nyumba hiyo anapopata kipaimara. Siendi na ajenda. Ni katika ziara za namna hiyo baba yule alinisimulia jinsi alivyoona fedha za wakulima zikiyeyuka katika chama alichokiamini. Maswali yake ya kanisani yalikuwa na mizizi. Tulimwomba awe miongoni mwa wanaohesabu sadaka, na anahesabu vizuri.

Huruma hiyo ina mipaka. Akimfokea binti anayetunza vitabu vya hesabu, anazuiwa papo hapo, na jioni anayetembelewa ni yule binti. Aliyetukanwa naye ni kondoo. Na pale ambapo ukali umechanganyika na ugonjwa wa akili, kazi yetu ni kumsindikiza mtu hospitali, si kumwongezea maombi tu.

Hekima hii ni ya kale. Katika karne ya 6 huko Italia, Benedikto aliwaandikia watawa Kanuni yake. Sura ya 27 inamtaka abati ampelekee ndugu aliyetengwa wazee wenye busara, wamfariji kwa siri ili asimezwe na huzuni. Aliyetoa adhabu ndiye anayetuma wafariji.

Wako wasiobadilika, na hao pia tunawatembelea. Mzee mpya akiniuliza aanzie wapi, humwambia: mwache kwanza aliyelalamikiwa wiki hii, wengi watamwendea. Anza na mkorofi ambaye wiki hii amekaa kimya.