Kompyuta ya zamani dukani bado ina kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa mwenye duka la pembejeo anayetunza humo hesabu za wakulima waliokopa mbolea, hiyo si sababu ya kukimbilia kununua mashine mpya.

Mfumo wa Linux Mint hutolewa bure. Hupatikana kwenye intaneti kama faili moja la ISO, yaani nakala ya diski nzima, lenye takriban gigabaiti 3. Gharama ni bando na flashi ya gigabaiti 8. Wengi hukwama hapa: hunakili faili hilo kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo, na kompyuta inagoma kuwaka. Lazima liandikwe kwa programu maalumu, kama Rufus, ambayo hufuta vyote vilivyokuwamo kwenye flashi.

Kompyuta ikiwashwa kwa flashi hiyo, mfumo unaweza kujaribiwa bila kugusa diski ya ndani. Je, printa inatoa risiti? Modemu inashika mtandao? Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows huenda isifanye kazi kabisa, jambo ambalo baadhi ya mafundi hawalisemi mapema.

Hatari yenyewe iko pale mfumo unapouliza kama ufute diski. Akikubali, orodha ya madeni ya msimu mzima imekwenda. Mafaili yanakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, yafunguliwe kwenye kompyuta ya jirani kuona kama yanasomeka, ndipo fundi aanze kazi.