Kadhi na Elimu ya Jamii

Jirani yetu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na kitabu cha mwanawe anayesoma mwaka wa kwanza chuoni. Alitueleza kwamba usiku uliotangulia, wakati wa chakula, ilizungumzwa khabari ya kijana wa mtaani aliyekamatwa kwa wizi. Yeye akasema, "Huyo hakulelewa." Mwanawe akajibu kwa adabu, "Baba, mwaka huu wamekamatwa vijana wanne katika mtaa wetu. Je, wazazi wote wanne hawajui kulea?" Mzee alinyamaza, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Akatuuliza: "Elimu hii wanayoiita sosholojia, je, haiwafundishi watoto wetu kuwatetea wezi?"

Swali hili ni zito, na twajua kuwa wazazi wengi wanalo ingawa hawalisemi. Kwa hivyo tumeona yafaa tulijibu hapa, ili baba na mwana wasome pamoja.

Sosholojia ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: jamaa na ukoo, kazi na biashara, dini, utawala na desturi, na jinsi mambo hayo yanavyomtengeneza mtu tangu utotoni, kabla hajajijua. Jina hilo lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Waarabu huiita ilmul-ijtimai. Mwanafunzi anayeanza hufundishwa mambo mengi, lakini matatu ndiyo nguzo.

La kwanza ni kwamba jamii ina nguvu yake juu ya mtu. Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, alitoa kitabu mwaka 1897 juu ya watu wanaojiua. Alichagua jambo hilo kwa sababu hakuna tendo linaloonekana kuwa la mtu peke yake kuliko hilo. Alikusanya hesabu za serikali za nchi za Ulaya, akaona kwamba katika kila nchi idadi hiyo ilikaribia kuwa ile ile mwaka baada ya mwaka, na kila nchi ina kiwango chake. Akaona tena kwamba Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, na wasiooa zaidi kuliko wenye mke na watoto. Neno lake kuu likawa hili: mtu aliyeshikamana na wenziwe hulindwa na mshikamano huo, na aliyeachwa peke yake yumo hatarini. Wanazuoni waliokuja baadaye walizitia kasoro baadhi ya hesabu zake, lakini njia aliyoionyesha ingali ikifuatwa.

La pili ni kutofautisha shida ya mtu na shida ya watu. Mmarekani C. Wright Mills alilieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, akiwa mmoja tu hana kazi, tutazame tabia yake na ujuzi wake. Lakini katika nchi ya wafanyakazi milioni 50, wakiwa milioni 15 hawana kazi, haitoshi kuwaambia kila mmoja kwamba ni mvivu; hapo yatupasa kutazama jinsi kazi zenyewe zinavyopatikana. Ni wangapi katika sisi tumemwita mtoto wetu mzembe kabla hatujauliza wenziwe wa rika lake wako katika hali gani?

La tatu ni kuipima khabari kabla ya kuiamini, na hapa twakutana na mtu wetu. Abdurrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika Mukadima yake. Humo alisema kuwa ameanzisha elimu mpya, elimu ya umrani, yaani ya maisha ya watu pamoja. Alieleza asabia, ule mshikamano unaowapa watu nguvu ya kushika dola, na jinsi unavyolegea vizazi vya baadaye vinapozama katika starehe. Nao waandishi wa tarikhi waliposimulia kwamba Nabii Musa alihesabu askari 600,000 au zaidi, yeye hakuridhika na kunukuu. Aliuliza: nchi zile zingeliwezaje kulilisha jeshi kama hilo? Upande mmoja wa safu ungelijuaje yanayotokea upande wa pili? Akalikataa simulizi. Karne nyingi baadaye, Taha Husayn wa Misri alipoandika tasnifu yake mjini Paris juu ya Ibn Khaldun, mmoja wa waliomsimamia alikuwa Durkheim huyo huyo.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Ibn Khaldun huyu aliyechunguza jamii alikuwa pia kadhi. Mwaka 1384 aliteuliwa Kairo kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki, akajulikana kwa ukali juu ya mashahidi wa uongo, hata akajipatia maadui wengi. Aliuzuliwa na kurudishwa mara kadhaa, na alipofariki mwaka 1406 alikuwa angali katika kazi hiyo. Kujua jinsi jamii inavyomvuta mtu hakukumfanya aache kumhukumu mkosaji.

Sababu yake ni kuwa maswali ni mawili. Kadhi huuliza: ni nani aliyetenda, na ana dhima gani? Mwanafunzi wa jamii huuliza: kwa nini wanatenda wengi, mahali hapa, wakati huu? Jibu la swali la pili halilifuti la kwanza. Lakini mtaa unaouliza la kwanza peke yake utamfunga kijana wa nne, kisha umngoje wa tano.

Kwa vijana wetu tuna neno. Vijana wanne si ushahidi wa kutosha. Aliyesoma kweli atauliza waliacha shule lini, wanashinda wapi, nani aliwatafutia kazi. Na atauliza pia juu ya wenzao wenye dhiki ile ile ambao hawakuiba. Wala asiifanye elimu hii kuwa udhuru wa makosa yake mwenyewe.

Na kwa wazazi: mtoto anayeuliza "kwa nini" mezani hajakosa adabu. Mumsikilize, kisha mumtume akachunguze.

Jirani yetu alitusikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kile kitabu, akasema, "Basi wale wengine watatu sijapata kuwauliza hata baba zao." Jioni ile alimchukua mwanawe, wakaenda pamoja kuwajulia hali jamaa za vijana wale. Mwenyezi Mungu awape wao na sisi elimu yenye manufaa.