Tangawizi ikioza, ada ya shule iko hatarini

Katika milima ya Upare, wilayani Same, familia nyingi husomesha watoto kwa tangawizi. Majani yakigeuka manjano kabla haijakomaa, vuta shina moja: likichomoka kirahisi na chini pananuka, kiazi kimeshaoza na hakuna dawa ya kukirudisha.

Ng'oa shina hilo pamoja na udongo wake, ila usitupe mferejini. Maji yatampelekea jirani ugonjwa. Hasara kubwa huanzia kwenye mbegu. Mzazi mwenye shida ya fedha huuza viazi vizuri vyote, akabakiza vyenye madoa vya kupanda, na ugonjwa hurudi navyo shambani. Tenga mapema viazi vigumu, visivyo na doa, upande kwenye matuta yasiyotuamisha maji. Palipooza, panda mahindi misimu kadhaa. Nyanya hapana, nazo hushikwa na mnyauko wa bakteria.