Chemchemi za Kilambo na Kazi Ifanyikayo Ndani ya Maji

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huiacha nyuma baridi ya mashamba ya chai, akaingia katika uwanda wa joto wa mpunga, kakao na michikichi, mpaka afike Ziwa Nyasa. Katika uwanda huo, mahali paitwapo Kilambo, maji hutoka ardhini yakiwa na moto upatao digrii 60, nayo hutoa viputo mchana na usiku kama sufuria iliyo mekoni. Lakini maji hayo hayachemki, kwani maji hayachemki mpaka yakaribie digrii 100. Basi viputo vile ni vya nini? Twataka kulieleza jambo hili, maana ndani yake mna elimu ifaayo nyumbani, na mna hatari pia iwezayo kumwua mtu.

Tuanze na chumvi. Ukiitia majini haionekani tena, wala haikupotea, maana ladha yake i pale pale. Punje ya chumvi imejengwa kwa chembe ndogo mno za namna mbili, zenye umeme wa namna mbili zivutanazo. Maji huzitenga, kila chembe ikaenda njia yake. Na chembe za namna hiyo wataalamu huziita ayoni. Zikiwa zimefungamana katika kitu kikavu haziwezi kuhama. Zikiwa majini hutembea, hukutana na nyingine, na pengine hubadilishana wenzi. Ndiyo sababu magadi makavu hukaa koponi mwaka mzima bila neno, lakini ukiyakamulia ndimu hufoka papo hapo. Ile gesi itokayo katika povu lake ni kaboni dioksaidi, ndiyo hiyo hiyo tuitoayo puani tukipumua.

Msomaji aweza kujionea mwenyewe kazi ya gesi hiyo. Atwae chokaa mpya ya kupakia nyumba, kiasi cha kijiko, aikoroge katika chupa ya maji, aiache itulie mpaka kesho yake, kisha ayamimine polepole yale maji meupe ya juu katika bilauri. Apulize ndani yake kwa mrija (apulize tu, asivute, maana chokaa huunguza koo na macho, na watoto wasiachwe peke yao). Punde maji yatageuka kuwa kama tui. Gesi ya pumzi imekutana na chokaa iliyoyeyuka, na kwa pamoja vimefanya unga wa jiwe la chokaa, usioyeyuka majini. Sasa aendelee kupuliza bila kuchoka. Maji yatarudi kuwa safi! Wengi hushangaa hapa, na kwa haki, kwani jiwe limeyeyuka tena kwa gesi ile ile iliyolifanya. Gesi ikizidi majini huyafanya yawe na uchachu kidogo, na maji machachu hulila jiwe la chokaa. Akiyachemsha maji hayo, gesi hutoka, na unga mweupe huonekana mara ya pili.

Mambo yaliyofanyika katika bilauri hufanyika pia katika nchi. Karibu na mji wa Mbeya, katika bonde la Songwe, maji ya moto hupanda kutoka chini yakiwa yamebeba gesi nyingi na chokaa iliyoyeyuka. Yafikapo juu gesi hutoroka, na chokaa, isiyoweza tena kukaa majini, huganda ikawa jiwe. Kwa karne nyingi limefanyika tabaka nene, ambalo watu hulichimba. (Songwe hiyo si ule mto wa mpakani mwa Kyela na Malawi, huu huingia Ziwa Nyasa, na ule huelekea Ziwa Rukwa.)

Mama mwenye nyumba naye hukutana na jambo hili afuapo nguo. Kuna maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake upesi, bali hufanya utando mchafu. Ni kwa sababu ayoni za chokaa zilizomo zimeishika sabuni kabla haijafika kwenye uchafu, na fedha imekwenda bure. Maji ya namna hiyo yakichemshwa, au yakitiwa magadi kidogo, chokaa hutua chini. Maji ya mvua hayana taabu hiyo, na Kyela imejaliwa mvua nyingi.

Sasa turudi Kilambo. Nchi yote ya Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Kyejo ulitoa lava yapata mwaka 1800. Gesi yatoka chini sana, huyeyuka katika maji yaliyobanwa na uzito wa ardhi, na yakipanda, mbano hupungua, gesi ikatoka kwa viputo, sawasawa na chupa ya soda ifunguliwapo kizibo.

Watu huuliza kama ziwa letu laweza kufanya kama lilivyofanya ziwa Nyos la Kameruni, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa gesi hii ghafula usiku, watu wapatao 1,700 wakafa. Ziwa Nyasa, ingawa kina chake chazidi meta 700, na ingawa chini ya meta 250 hivi maji yake hayana oksijeni wala samaki, halina akiba ya gesi kama ile. Kwa hiyo mvuvi wa Matema na alale.

Lakini palipo na matundu ya gesi nchi kavu, mambo ni mengine. Kaboni dioksaidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haionekani, nayo usiku usio na upepo hutuama mashimoni na mabondeni kama maji. Karibu na Goma, ambako pia kuna volkano, watu hupaita mahali pa namna hiyo mazuku. Kuku na mbuzi hufa kwanza, kwa kuwa vichwa vyao viko chini. Mtoto aliyechutama yu hatarini kuliko baba yake aliyesimama. Mahali palipoonekana ndege au wadudu wamekufa pasipo sababu, pasichezewe, hasa alfajiri. Mchimba kisima na ashushe taa kwanza, ikizimika, asishuke. Wala asijione salama kwa kuwa taa inawaka, maana gesi huweza kumlevya mtu kabla haijazima mwali. Tena mwenzake akianguka shimoni, asimfuate kwa kumhurumia, maana wataanguka wawili. Na aite watu, waje na kamba.