Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hapimwi urefu akiwa amesimama. Hulazwa chali juu ya ubao, mama akamshika kichwa kisicheze, mhudumu wa afya akanyoosha magoti yaliyogoma na kusogeza kibao hadi kiguse nyayo. Mtoto hulia kana kwamba anachomwa sindano. Namba husomwa, huandikwa kwenye kadi, kazi imekwisha. Mara nyingi mashavu yamejaa na mzani haukuonyesha tatizo. Ubao ndio unaosema kwamba amedumaa.

Mkoani Iringa ubao umesema hivyo kwa zaidi ya nusu ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, Rukwa kwa 49.8. Wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Mahindi, maharage, viazi na parachichi hupakiwa huko kwenda Dar es Salaam, huku aliyezaliwa kando ya shamba akibaki mfupi kuliko umri wake.

Wengi wakisikia hayo hudhani akina mama hawanyonyeshi. Si kweli. Katika kunyonyesha, nchi imepiga hatua ya kujivunia. Mwaka 2004/05 watoto wa chini ya miezi 6 waliopewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 64. Kazi hiyo ilifanyika wodini na kliniki, kwa wakunga kurudia neno lilelile: dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, si uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa, ni kinga. Tangu 1994 pia kuna kanuni zinazozuia kampuni kuwatangazia wazazi maziwa ya kopo, na kila wiki ya kwanza ya Agosti huwa ya unyonyeshaji.

Kilichobaki kigumu ni cha nyumbani. Maji ya chango, anayonyweshwa mtoto kutuliza tumbo, bado hupita mlango wa nyuma, mikononi mwa bibi mwenye nia njema. Na liko lile neno zito, kubemenda. Mtoto akikonda, majirani huanza kunong'ona kwamba wazazi wamekutana kabla ya wakati, au baba ametoka nje. Kwa hiyo mama humwachisha ziwa mapema kukwepa aibu, au humficha mtoto asionekane kliniki. Sayansi haijaona uhusiano wowote kati ya tendo la ndoa na maziwa kuharibika, lakini aibu haingoji sayansi.

Mtoto akitimiza miezi 6 ndipo mambo yanapoharibika. Maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na kinacholetwa kujaza pengo ni uji. Uji gani? Mara nyingi ni wa sembe, maji mengi, unga kiganja kimoja. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, ameshiba bila kula. Ukiukoroga mzito ili uwe na nguvu, anashindwa kuumeza.

Hapa watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973, walikwenda kuazima ujuzi kwa wapika pombe. Ulezi au mtama huloweshwa usiku kucha, hutandazwa hadi uchipue, huanikwa, kisha husagwa. Hicho ni kimea. Uji ukiwa mzito kiasi cha mwiko kusimama, unatia kijiko cha unga huo na kukoroga. Baada ya dakika chache uji unalegea na kumiminika, bila kuongezwa tone la maji. Chipukizi lina kimeng'enya kinachovunja wanga. Mtoto anakunywa kikombe kilekile, chakula kilichomo kimeongezeka. Ukitiwa karanga zilizosagwa, zisizoota ukungu maana ukungu huleta sumukuvu, au yai, au dagaa waliotwangwa, huo ndio mlo.

Hayo yalijulikana miaka ya 1980, na Iringa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa darasa. Mradi wa lishe ulioanza huko 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliingia vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, na wanakijiji wenyewe wakakaa kuuliza kwa nini huyu hakui. Fikra zilizotokana na mradi huo zilichangia mwongozo wa UNICEF wa mwaka 1990 kuhusu vyanzo vya utapiamlo, unaotumika dunia nzima. Dunia ilijifunza Iringa. Iringa yenyewe bado inaongoza kwa udumavu.

Sababu kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni muda wa mama kuliko elimu yake. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, na mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane na sufuria ya uji uliopoa. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, ambazo hata miezi 6 hazifiki, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Mkulima hana mwajiri wa kumdai saa hizo. Mume wake anaweza kumpa, akishika jembe peke yake asubuhi moja.

Serikali nayo imejifunga. Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, itakayodumu hadi 2030, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka, kutoka mapato yake, kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Bei ya mayai mawili au matatu. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo anayo haki ya kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza kama elfu moja ya mwanawe imetoka, na imenunua nini.