Sakafu ya Bahari Yasomwa kwa Dalili Zake

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo watufaa hata katika elimu ya bahari. Sakafu ya bahari ni pana na yenye giza, na kila mahali panapochunguzwa pahitaji meli, siku na fedha nyingi. Je, twaweza kuwajua viumbe wanaoishi tusikofika?

Wataalamu hujibu kwamba yawezekana kwa kiasi, maana kila kiumbe ana makao yanayomfaa. Sifongo hushika penye mwamba, mkondo uwaletee chakula. Minyoo hufukua tope lililotulia. Nyasi za bahari hazioti ila panapofikiwa na nuru. Basi hupimwa kina, joto na chumvi ya maji, nguvu ya mkondo, na mchanga au tope la chini. Kisha hukisiwa viumbe waliopo.

Mfano ulio wazi ni Great Barrier Reef ya Australia, hifadhi ya kilomita za mraba 344,400. Wengi hudhani yote ni matumbawe, kumbe miamba hiyo ni kama asilimia 7 tu ya eneo. Sehemu kubwa iliyosalia ilikuwa haijachunguzwa vya kutosha serikali ilipopaswa kuamua mahali pa kuzuia uvuvi. Hifadhi ikagawanywa katika kanda 70 kwa kufuata maumbile ya bahari na habari za viumbe zilizokuwapo. Mwaka 2004 eneo lisilovuliwa likapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi asilimia 33.

Kati ya 2003 na 2006 wachunguzi walifika mahali karibu 1,400 kwenye sakafu hiyo, wakapata zaidi ya aina 5,000 za viumbe. Ilidhihirika kwamba tope, mchanga na nguvu ya maji yanayosugua sakafu ni dalili zenye uzito. Hata hivyo, dalili hizo hazikueleza yote.

Hapo ndipo penye funzo. Kila mpaka unaochorwa baharini wamwondolea mvuvi sehemu ya riziki. Na kila wavu wa kukokota waweza kung'oa sifongo waliokua kwa miaka mingi. Anayengoja kujua yote atachelewa, na anayetegemea ramani pekee atapotoka. Hatuna budi kuzifuata dalili, kisha tushuke tukahakikishe. Kwani si kila wingu huleta mvua.