Hesabu ya jioni na chama cha wafanyakazi

Wenye maduka wengi wa Kariakoo na Upanga wamewahi kuweka faida yao katika daladala. Unanunua gari, unamkabidhi dereva, jioni unapokea hesabu. Mafuta, faini na siku isiyo na abiria ni juu yake na kondakta wake. Karatasi hakuna.

Mpango huo ndio uliovitia vyama vya wafanyakazi majaribuni. NUTA, iliyoundwa 1964, na JUWATA iliyofuata zilizoea michango inayokatwa moja kwa moja katika mishahara ya viwanda, mashirika na ofisi. Baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko likafunguliwa. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, na michango ikapungua. Ajira mpya zilikuwa vibandani, madukani na katika mabasi ya watu binafsi, ambako hakuna mshahara wa kukata.

Madereva na makondakta hawakungoja. Katika miaka hiyo hiyo waliunda umoja wao, UWAMADAR, kisha wakashirikiana na COTWU, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Umoja ulikuwa na watu vituoni. Chama kilijua sheria na milango ya Serikali. Dai lao kuu lilikuwa mkataba wa maandishi. Kwa maoni yetu lilikuwa dai la kiasi, lakini wamiliki wengi walilikwepa, kwani deiwaka wa kushika usukani hakosekani.

Mwenye mtaji asidhani mambo yaliishia hapo. Sheria za kazi za 2004 zinamhesabu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kijana wa dukani anaweza kuingia humo, na dereva pia. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nawe huna maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo ni wako. Hapo ndipo chama chenye wanachama wachache bado kina nguvu: kinajua njia ya kwenda Tume.

Anayenunua basi leo, au kufungua duka la pili, aiweke gharama hiyo katika hesabu zake kabla ya kukadiria faida.